Khalfan Aliambiwa Angoje Igalula

Raya mwanangu,

Salamu nnaziruka, kwa sababu uko chumba cha pili na nnakusikia unavyovuta utepe wa gundi juu ya boksi la baiskeli. Hali zetu unazijua. Mimi goti linauma, mama'ko amenuna, na wewe kesho alfajiri unaruka kutoka Muscat kwenda Dar es Salaam, kisha basi mpaka Tabora, kisha upande baiskeli ufuate reli ya zamani na njia za vijijini mpaka baharini, kama alivyofanya babu yako. Hivyo ndivyo ulivyowatangazia wote wanaokufuata kwenye simu.

Babu yako hakufanya hivyo. Babu yako Nasor hakupanda baiskeli kutoka Tabora kwenda popote. Alipanda treni, daraja la pili, blanketi miguuni, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Aliyepanda baiskeli ni mwanawe mkubwa, kaka yangu Khalfan, ambaye wewe hujamsikia hata kwa jina. Yuhai. Nyumba yake inatazamana na stesheni ya Igalula, na kijia chako kinapita mlangoni kwake siku ya kwanza ya kuendesha kwako. Utapita pale na picha ya babu yako mgongoni. Basi hilo ndilo linalonikalisha hapa na kalamu, na kwa hilo leo mezani ulipoomba radhi zangu sikukupa.

Umenichukia, nimekuona. Wali bado unatoka moshi, ukapiga goti sawasawa ulivyofundishwa, ukanishika mkono.

"Baba, nnataka radhi zako. Kesho nnasafiri."

"Haya, haya," nikasema. "Kula, wali unapoa."

"Siyo haya haya. Nnataka ulitamke, baba. Kila siku haya haya."

"Kaka yako Mohammed tulipomuoza nilimwambia nini?"

"Ulimwambia haya haya!"

Mama'ko akacheka. Wewe hukucheka. "Wallahi, wenzangu wote wazee wao wanawapa radhi zao mpaka wakienda Dubai kununua viatu," ukasema. "Wewe unafanya ubakhili kwa neno moja tu." Ukainuka, ukaenda zako kufunga boksi, na mama'ko akanitazama kwa jicho lile ambalo nimeshalizoea.

Kweli, sijawahi kulitamka. Si kwako, si kwa Mohammed, si kwa mtu yeyote aliyeondoka mlangoni kwangu. Sababu yake utaisoma. Lakini usitarajie kwamba ukimaliza kusoma utanionea huruma, maana sikuandika kwa ajili hiyo.

Maagizo ya njiani sikupi. Maji, mafuta ya jua, usilale porini, usiendeshe jua likishazama, hayo mama'ko amekuimbia mwezi mzima na hukumsikia. Pia sitakwambia kwamba wewe ni hodari, kwa sababu si hodari. Ulianza Kijerumani ukaacha. Ukaanza kuuza keki ukaacha. Ukachumbiwa na kijana wa Mawaleh, halwa ikaliwa, watu wakaombeana dua, ukaacha, na mimi ndiye niliyekwenda kuomba msamaha kwa wazee wake huku viatu vyangu vimepangwa mlangoni na watoto wananicheka. Na siku ile ya mlima wa Amerat, ulinipigia simu nije na gari. Nikakukuta juu ya jiwe unalia, ukaniambia ni jasho. Nikakupakia na baiskeli yako, na jioni yake ukaweka picha umesimama kileleni unainua mikono. Nilicheka jikoni mpaka mama'ko akauliza nnacheka nini.

Lakini hii ya baiskeli hukuiacha. Mwaka wa pili huu unatoka hapa kwetu Hail kabla ya adhana, unakwenda njia ya pwani na kurudi, unaingia mlangoni unanuka chumvi. Nilingoja uchoke. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo atachoka, atahamia jambo jingine, na mimi sitalazimika kusema kitu. Nilitegemea uvivu wako na kwa mara ya kwanza uvivu wako ukaniangusha.

Sasa sikiliza.

Khalfan alizaliwa na mke wa kwanza wa baba, Kalunde, Mnyamwezi wa Igalula. Mke wa ndoa, kwa mahari na mashahidi, si vinginevyo kama watu wanavyopenda kudhani wakisikia habari za Waarabu wa bara. Kalunde alikufa Khalfan akiwa mdogo, ndipo baba akamuoa mama yangu, binti wa Kiarabu wa pale pale Tabora. Tulikuwa na duka, na baba alikuwa akinunua asali na karanga vijijini. Aliyekwenda vijijini ni Khalfan, kwa baiskeli kubwa nyeusi ya Kiingereza yenye keria ya chuma. Baba hakuijua hata kuipanda. Asubuhi Khalfan alinipakia kwenye keria ile kunipeleka chuoni kusoma Kurani, na mimi nilikuwa nikimpiga ngumi za mgongo ili aongeze mwendo. Alikuwa akicheka. Tukifika mlango wa mwalimu ananishusha, ananifuta vumbi usoni kwa shati lake, anakwenda zake.

Mlango wa Omani ulipofunguliwa kwa wenye asili ya huko, watu wetu wa Tabora wakaanza kuondoka nyumba moja moja. Baba naye akauza duka. Siku moja kabla ya safari alinichukua stesheni kukata tiketi, mimi nimeshika kanzu yake.

Alimuuliza karani, "Hii ya kesho inasimama Igalula?"

"Hapana mzee. Igalula inapita tu."

"Haisimami kabisa?"

"Haisimami. Unataka inayosimama?"

"Hapana," baba akasema. "Hii hii." Akalipa.

Nilikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa anaelewa vizuri sana, usidanganywe na watu wanaosema watoto hawajui. Nilielewa kwamba kuna jambo, ila sikujua bado ni la nani.

Alfajiri yake baba alimwita Khalfan mlangoni. Khalfan alikuwa na miaka kama kumi na sita, ameshafunga nguo zake kwenye mkoba mmoja.

"Baiskeli haina nafasi kwenye behewa," baba akamwambia. "Tangulia nayo Igalula, fuata kijia cha reli. Treni itasimama pale, kuna behewa la mizigo litaongezwa. Utaipakia na wewe utapanda."

"Si tuiuze tu, baba? Kuna mtu anaitaka."

"Baiskeli yangu siiuzi. Ngoja pale pale stesheni, usitoke hata kwenda kunywa maji."

Khalfan akapiga goti kwenye vumbi la mlangoni. Akauchukua mkono wa baba, akaubusu pande mbili. "Baba, nipe radhi zako."

"Radhi zangu zote unazo, mwanangu," baba akasema. Akamwekea mkono kichwani. "Zote." Sijamsikia baba akisema na mtu kwa upole ule, si kabla ya siku ile wala baada yake mpaka tulipomzika.

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa nnajua kwamba treni haisimami. Nikiisema sentensi moja tu, "Baba, karani kasema inapita," mambo yote yangekuwa mengine. Unajua nilikuwa nnafikiria nini? Nilikuwa nnafikiria dirisha. Kwa vile Khalfan ni mkubwa, mahali pa dirishani pangekuwa pake, na mimi nilikuwa nimelitaka dirisha lile tangu siku niliyoambiwa tutapanda treni. Basi nikanyamaza. Khalfan akanibana pua kama kawaida yake, akapanda, akaenda.

Nimeshasikia watu wakieleza makosa yao ya utotoni kwa sauti nzuri, wakisema hofu, wakisema heshima kwa wazee. Mimi sikuogopa. Nilitaka kiti.

Tukapanda treni. Nikakaa dirishani. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa amechemsha mayai, moja kwa kila mtu, kayafunga kwenye kitambaa pamoja na mikate. Akasema hatutakula mpaka Khalfan apande. Wallahi yeye hakujua kitu, hilo namshuhudia.

Igalula ilipokaribia nilimwona kwa mbali. Alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa, amevaa viatu, amefunga shati mpaka kifungo cha juu, na baiskeli ameifuta vumbi mpaka inang'aa. Alikuwa ameishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuinua juu. Treni haikupunguza mwendo. Ilipita mbele yake na yeye bado anatabasamu, nadhani alifikiri itasimama mbele kidogo. Kisha nikamwona anageuza kichwa kutafuta dirisha letu, na tabasamu bado lipo usoni kwa kusahauliwa tu.

Akarukia baiskeli.

Raya, wewe hujaendesha hivyo na hutaendesha. Kile kijia utakachokipita ukipiga picha alikimaliza amesimama juu ya pedali, mkoba umeanguka na hakuangalia nyuma. Mbele ya Igalula kuna mahali reli inapinda, na treni ikapunguza mwendo, na Khalfan akafika usawa wa dirisha langu. Alikuwa karibu kiasi cha mimi kuona mate mdomoni mwake.

"Vuta mnyororo!" akanipigia kelele. "Mdogo wangu, vuta mnyororo!"

Ule mnyororo wa hatari, wa kusimamishia treni, ulikuwa juu ya dirisha. Nikisimama juu ya kiti nnaufikia. Nilishaupima kwa macho tangu Tabora, kwa vile watoto wanapenda vitu walivyokatazwa. Nilimtazama Khalfan, nikamtazama baba. Baba akanyoosha mkono akateremsha pazia la mbao.

"Vumbi," akasema.

Mama akauliza, "Na Khalfan?" Baba akamjibu kwa Kiarabu, kwamba huyu si wa safari hii, kwamba amemwacha kwa wajomba zake, kwamba Omani atakwenda kutupotezea heshima, watu watauliza mama yake nani. Machozi yalikuwa yakimtoka mama na hakuyafuta. Halafu akafungua kile kitambaa, akatugawia mayai, akabaki na lile moja la Khalfan mkononi. Aliligeuzageuza. Mwisho akanipa mimi.

"Kula," akasema.

Nikalila. Lilikuwa tamu, nilikuwa na njaa.

Ungependa nikwambie kwamba baada ya hapo sikupata raha, kwamba kila yai likinipita mbele nnasikia kichefuchefu. Hapana. Mayai nnakula mpaka leo, unaniona. Tulifika Muscat, nikasoma, nikapata kazi wizarani, nikajenga hapa Hail kabla bei hazijapanda, nikapata mke mzuri na watoto wawili, mmoja wao mtiifu. Hakuna kilichonipata. Katika mambo yote niliyojifunza kwa umri wangu, hilo ndilo gumu kuliko yote, na hakuna atakayekufundisha msikitini: unaweza kumfanyia mtu ubaya mkubwa, ukalala vizuri, ukanenepa. Usingoje moyo wako ukusute, mwanangu. Wa kwangu haukunisuta kwa miaka mingi mno, na ulipoanza nilikuwa nimeshastaafu, sina kazi nyingine.

Nilipokwenda kumposa mama'ko kule Ruwi, wajomba zake walituweka majlisi, chumba cha wageni, wakatuuliza habari zetu, kama ilivyo desturi. Nani babu, nani bibi, mmetoka upande gani. Mjomba wake mkubwa akaniuliza, "Mko wangapi wanaume kwa mzee?"

"Niko peke yangu," nikasema.

Baba alikuwa ubavuni kwangu. Akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenifundisha, nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Wajomba zake mama'ko waliridhika. Tukasomewa Fatiha. Mama'ko mpaka leo akinigombeza husema ndiyo maana, wewe mtoto wa pekee, hukuzoea kugawana. Jioni hii nimemweleza yote, ndiyo sababu ya kununa kwake. Hakununa kwa ajili ya safari yako.

Sasa ile hadithi ya babu kuendesha baiskeli niliitunga mimi. Ulikuwa darasa la tano, mwalimu kawataka mlete habari za babu zenu. Ukaja na kalamu zako za rangi, ukaanza kulia kwamba babu za wenzako wamepigana vita na wako alikuwa na duka la karanga tu. Nikataka unyamaze, mpira ulikuwa unaanza kwenye televisheni. Nikasema, "Andika kwamba babu yako alitoka Tabora mpaka Dar es Salaam kwa baiskeli, kwa kufuata reli, ili aipate meli ya kuja Omani." Kwa nini likanitoka hilo kati ya yote ya dunia, sijui. Labda ndilo lililokuwa karibu na mdomo siku zote hizo.

Babu yako alikuwa kwenye kiti chake, meno yake ndani ya gilasi. Nilimwangalia. Nilingoja akasirike. Akatia meno, akasema, "Mwandikie na fisi. Kulikuwa na fisi Manyoni."

Kuanzia hapo msimuliaji alikuwa ni yeye. Kila Idi baiskeli ilipata pancha nyingine. Mara kashona tairi kwa uzi wa gunia, mara kavushwa mto huku mamba wanatazama. Watu walikuja kumsikiliza kutoka Mawaleh, na wewe umekaa miguuni pake umefungua kinywa. Nilimchukia, Raya. Alikuwa ameshampora mtoto wake baba na nchi na mahali pa kukaa kwenye treni, sasa anampora hata jasho lake. Na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Siku moja tu, tuko wawili, nilimuuliza, "Baba, Khalfan?" Hakujifanya hakumbuki. Alinitazama kwa mshangao kidogo, akajibu, "Si nilimwachia baiskeli?"

Akafa anasifiwa, na mwaka uliofuata wewe ukanunua baiskeli.

Nilijuaje kwamba Khalfan yuhai? Kwa Seif, bin ami yangu, mwenye duka la asali Hamriya. Anaagiza asali ya Tabora, anakwenda mwenyewe kuionja. Mwaka jana alinipigia simu, "Njoo dukani, si la kwenye simu hili." Nikaenda, akafukuza wateja, akafunga mlango wa kioo.

"Nimemwona kaka'ko," akasema.

Khalfan hakutoka Igalula. Aliambiwa angoje, akangoja, na alipochoka kungoja akajenga. Ana watoto, ana wajukuu. Usifikirie mzee mpole wa hadithi anayesamehe watu kwa sauti ya chini. Seif anasema ni mkali, ana mdomo mchafu, hakumkaribisha hata maji. Seif alimpelekea kanzu na bakuli la halwa ya Muscat. Halwa akawapa mbuzi mbele yake. Baiskeli imetundikwa ukutani sebuleni, haina matairi, na haruhusiwi mtu kuigusa, kwa kuwa si yake, ni ya mzee, aliambiwa haiuzwi. Seif akamwambia mzee amefariki. Khalfan akauliza alikufa vipi, akaambiwa kitandani, usingizini. Akasema, "Bahati yake."

Wakati wa kuondoka Seif akamuuliza kama ana neno la kutuletea huku.

"Waambie nipo njiani," Khalfan akasema. Akacheka mpaka akakohoa, na wajukuu zake wakamletea maji.

Seif aliponisimulia haya nilitegemea nitalia. Niliuliza bei ya asali. Nikanunua chupa mbili, nikarudi Hail, nikakuta umetandaza ramani chini majlisi na kalamu nyekundu mkononi. "Baba, njoo uone njia ya babu." Nikapiga magoti juu ya ramani, nikaiona Igalula, umeitia duara na kuandika pembeni: chai ya kwanza. Pale ndipo moyo uliponisuta, mwanangu. Siku hiyo ningesema. Badala yake nikakwambia kalamu nyekundu haionekani vizuri, tumia ya buluu.

Nnakuonea wivu, hili nalo ulijue. Siku tatu nne kutoka hapa, na utasimama mlangoni pake. Mimi nina pasi, nina pensheni, nina afya ya kutosha kumtukana daktari, na sijaenda. Nikijisemea goti. Nikijisemea atanifukuza. Hofu yangu hasa ni kwamba hatanifukuza, ataniambia kaa, kisha atanitazama.

Kuhusu zile fulana zenye picha ya babu yako mgongoni, ukizitafuta asubuhi hutaziona. Nimezitoa kwenye mkoba ulipokuwa unaoga. Ziko ndani ya buti la gari, na huko zitabaki mpaka nizitie moto. Piga kelele unavyotaka. Vaa fulana yoyote nyingine, au vaa jina lako, ila uso ule hutaupitisha Igalula mbele ya macho ya Khalfan. Na hao wanaokufuata kwenye simu waambie ukweli au usiwaambie kitu, hilo nakuachia. Nakujua utatafuta namna ya kuonekana vizuri ndani yake. Nimekuzaa mimi, hiyo umeitoa kwangu.

Asubuhi ya kuondoka Tabora, kabla ya kupanda, nunua mayai mawili ya kuchemsha. Moja si lako. Usilile hata njaa ikikuuma, na itakuuma, kwa sababu kijia kile kina mchanga na wewe hukuzoea mchanga. Ukifika Igalula usisimame stesheni kupiga picha. Vuka, piga hodi, sema jina lako lote, Raya, kisha jina langu, kisha bin Nasor, ili ajue mara moja na asijidanganye hata kidogo kwamba u mgeni mwema. Mpe yai. Akikutupia usoni, ufute uso. Kisha mwambie kwamba mdogo wake alikuwa dirishani, hakulala, hakuwa kipofu, alimwona tangu jukwaani mpaka kwenye kona, na mnyororo alikuwa anaufikia. Mwambie hivyo hivyo bila ya kupunguza. Miaka yote hii pengine amejipa moyo kwamba sikumsikia.

Ukishamaliza, piga goti umwombe radhi ya safari. Ya kwangu haikufai, mwanangu. Baba yangu alizitoa zote siku ile mlangoni, na nilizisikia zilivyokuwa, na kila nikitaka kulitamka neno lile kwako au kwa kaka yako nnaisikia sauti yake ya upole kinywani mwangu. Njia unayotaka kupita ni ya Khalfan. Akikupa radhi, panda, uende mpaka Dar es Salaam, uimalize ile safari ambayo yeye hakumalizishwa. Akikunyima, ifungue baiskeli hapo hapo, itie kwenye boksi, urudi nyumbani. Nitakuja kukupokea uwanja wa ndege na sitakucheka.

Kesho alfajiri mlangoni usinipigie goti tena mbele ya mama'ko. Nitakubebea boksi mpaka garini, nitakushika mkono, nitasema haya, haya.

Baba'ko